Samaki analindwa, mfanyakazi je?

Mwishoni mwa mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania na nchi jirani kwa hofu ya kipindupindu. Ukienda leo katika kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza, utakuta kunawa mikono, buti, kofia na glavu ni sharti. Jambo jema. Lakini usafi huo unamlinda zaidi mlaji.

Korona ilipothibitishwa nchini Machi 2020, lilizuka swali jingine: nani anamlinda mkata minofu? Maradhi haya husafiri hewani. Chumba cha minofu kina baridi na kimefungwa, mashine zinanguruma, watu wamesimama bega kwa bega na wanapaza sauti ili wasikilizane. Mei 2020 Rais Akufo-Addo wa Ghana alitangaza kuwa mtu mmoja aliwaambukiza wenzake 533 katika kiwanda cha samaki mjini Tema.

Nini kifanyike?

Kwanza, mgonjwa abaki nyumbani bila kupoteza riziki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Kibarua anayelipwa kwa siku aghalabu haipati nafuu hii. Akiwa na homa atameza dawa na kuja kazini, maana watoto wanasubiri unga. Mwajiri anayemlipa siku chache za kupumzika anaokoa zamu nzima.

Pili, semina za afya zilizozoeleka tangu enzi za kampeni za UKIMWI zibadilike. Kukusanya watu mia katika bwalo wakati wa korona ni kueneza kile unachokipiga vita. Waelimishaji rika wazungumze na vikundi vidogo, nje, penye hewa. Zamu za chakula zitenganishwe, madirisha ya basi la wafanyakazi yafunguliwe, na barakoa iliyolowa ibadilishwe.

Tatu, moyo nao unaugua. Aliyefiwa, au anayeogopa kumpelekea mzazi wake maradhi, anahitaji mtu wa kumsikiliza, hata kwa simu, na siri yake itunzwe.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kuwa dharura ya korona imekwisha. Hata hivyo, ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, Marburg ilizuka mwaka 2023 na tena 2025. Hiyo huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, si kama korona. Kila maradhi yana njia yake, na mpango wa kazini sharti uifuate njia hiyo.

Basi viongozi wa wafanyakazi na waajiri wakae sasa, kabla ya hatari, wakubaliane: siku ya kwanza ya mlipuko, nani atalipwa akibaki nyumbani?