Rimu Ndogo Haziokoi Tairi

"Fundi, nikitoa rimu za 15 nikaweka za 14, tairi si zitadumu?" Anayeuliza huwa na Wish, au Premio, au Fielder, na mara nyingi keshaonyeshwa seti ya rimu na jamaa fulani hapa Nakuru kwa bei anayoona ni ya bure. Jibu ni hapana. Hazitadumu, na kwa hesabu zitaisha mapema kidogo. Nimechoka kulijibu swali hili gari kwa gari, kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi, tena kwa namba, maana maneno matupu hayajamshawishi mtu.

Toyota Wish ya kizazi cha kwanza, ile iliyogeuzwa matatu ya watu saba (wakati mwingine tisa, tusidanganyane) katika barabara nyingi za Bonde la Ufa, kwa kawaida huvaa 195/65R15. Tairi hiyo ina kimo cha milimita 634 na nusu. Wanaoshusha rimu hukimbilia 185/70R14, ambayo kimo chake hakifiki milimita 615. Tofauti ni asilimia 3. Katika kila kilomita tairi ya kwanza huzunguka mara 502, ya pili mara 518. Maana yake kila kipande cha mpira kinakutana na lami mara nyingi zaidi katika safari ile ile. Isitoshe, tairi ndogo ni nyembamba kwa milimita 10. Zidisha upana kwa mzingo wa tairi, na utaona mpira unaogawana kazi umepungua kwa asilimia 8 hivi, ilhali gari ni lile lile, abiria ni wale wale na viazi vya Molo ni vile vile. Hapo nafuu itoke wapi?

"Lakini mwenzangu alibadilisha, zikadumu." Alijuaje? Alitazama dashibodi. Na dashibodi haipimi barabara, inahesabu mizunguko tu. Ukiweka gurudumu dogo, gari linaendelea kuamini lina gurudumu la zamani. Kilomita 40,000 zinazosomeka pale ni kama 38,700 za kweli. Hapo hapo ndipo panapozaliwa ule uvumi mwingine, kwamba rimu ndogo hubana mafuta. Umeweka mafuta yale yale, ukaandikiwa kilomita ambazo hukuenda, ukafurahi.

Kuna jambo ambalo muuza rimu hakwambii, nalo limeandikwa ubavuni, ile namba inayofuata saizi. Tairi ya 195/65R15 ya kawaida ina 91, yaani inaruhusiwa kubeba kilo 615. Ile ya 185/70R14 kwa kawaida ina 88, ambayo ni kilo 560. Umejipunguzia kilo 55 kwa kila tairi, kilo 220 kwa gari zima, kisha unapakia watu na magunia unateremka Sachangwan ukikanyaga breki. Mzigo wote unaegemea mbele. Tairi inayobeba karibu na kikomo chake hujikunja zaidi na kupata joto zaidi, na mpira wenye joto hulika haraka.

Wengine hujitetea kwamba wanatafuta ubavu mrefu, kwa ajili ya mashimo. Hoja hiyo ina ukweli, ila si hapa. Pima ubavu wa tairi hizo mbili: umeongezeka kwa chini ya milimita 3. Umeuza rimu zako kwa milimita 3! Subaru Forester ya SH ndiyo yenye hoja. Imetoka kiwandani kwa saizi mbili, 225/55R17 na 215/65R16. Ukihama kutoka 17 kwenda 16 unapata milimita 16 zaidi za ubavu na kimo kinabaki karibu pale pale. Kwa mtu anayeishi kwenye marami, hayo ni mabadiliko ya maana. Yatamwokolea rimu zisipinde na ubavu usifure nundu. Lakini hayataongeza umri wa meno ya tairi.

Naelewa shida ni pesa. Tangu Sameer Africa ifunge kiwanda chake cha tairi jijini Nairobi mwaka 2016, tairi tunazonunua hutoka nje na bei yake inafuata dola. Mtu akiona seti ya nne imeisha kabla ya wakati, lazima atafute wa kulaumiwa. Anailaumu rimu kwa sababu ndiyo anayoiona.

Lipandishe gari hilo kwenye jeki, ung'oe gurudumu la mbele, ulitazame upande wa ndani, ule unaojificha chini ya bodi. Mara nyingi upande wa nje una meno mazuri kabisa, na wa ndani ni kipara, pengine waya zimeanza kuchungulia. Pitisha kiganja polepole juu ya mpira kutoka nje kwenda ndani, halafu urudi. Ukisikia njia moja ni laini na ya kurudi inakwaruza kama msumeno, tairi hiyo haijaisha kwa kuzunguka. Imeisha kwa kuburutwa.

Gurudumu lililopinda nusu digrii tu kutoka mwelekeo wa gari huburutwa kando mita 8 na zaidi katika kila kilomita. Kutoka Nakuru hadi Nairobi, kilomita 160 hivi, linakuwa limesuguliwa ubavu-ubavu kwa zaidi ya kilomita moja na robo. Nusu digrii huioni kwa macho. Na huhitaji ajali kuipata: shuka kutoka ukingo wa lami kubeba abiria pale Salgaa, panda tena kwa mshindo, fanya hivyo kutwa, na tairodi zitalegea zenyewe. Funga rimu ya 14, ya 13, hata ya baiskeli ikikutosha. Pembe ikibaki mbovu, uburutaji unabaki ule ule, ila sasa unakula tairi yenye mpira mdogo zaidi.

Basi fanya hivi. Pima upepo asubuhi kabla gari halijapata joto, kila wiki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva; hizo 40 anazokujazia kijana wa petroli bila kukuuliza hula katikati ya tairi, na upepo mdogo hula pande zote mbili. Tairodi, bushi na bolijointi zibadilishwe kwanza, alainimenti ifuate. Kufanya alainimenti juu ya bushi zilizochoka ni kutupa pesa, na asiyekupa karatasi ya vipimo vya kabla na baada hajapima kitu. Hamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele kila kilomita 10,000. Ukinunua za mtumba kutoka Japani, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya utengenezaji iliyo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira mkavu wa zamani usiupokee hata ukiwa na meno yote.

Na kama bado umeng'ang'ania 14, chukua 195/70R14, si 185. Kimo chake kinapungua kwa chini ya asilimia moja na huwa ina ile 91. Kwanza funga rimu tupu bila tairi, izungushe kwa mkono, uhakikishe haigusi kalipa ya breki. Kwenye magari mengine itagusa, na hapo habari imekwisha. Hesabu nati na nafasi kati yake. Badilisha zote nne kwa siku moja, na ya akiba pia. Ya akiba ndiyo husahaulika: ukifunga ya 195/65R15 upande mmoja wa mbele na ya 185/70R14 upande wa pili, ukaenda hivyo hadi Eldoret, difu haipumziki njia nzima, na difu ni ghali kuliko seti ya tairi.