JE, WAJUA? Kisiwa kisicho na gari, jirani na Kariakoo

Jengo la Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilizinduliwa mwaka 1975. Mwaka huohuo visiwa vya jirani vya Bongoyo na Mbudya vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari.

Ukitoka Kariakoo asubuhi, jioni umesharudi: boti za Bongoyo huondokea Msasani, za Mbudya Kunduchi. Bongoyo hakuna gari wala bodaboda. Ni njia za miguu tu, zinazopenya vichaka na mibuyu juu ya mawe ya matumbawe makali kama wembe. Kandambili hazifai; kabla hujaondoka Kariakoo, pitia Mtaa wa Kongo ujinunulie raba. Beba maji ya kunywa, na muulize mwongozaji saa za kupwa na kujaa: bahari ikijaa, ufukwe hubaki mwembamba.