Fahamu: Chuma Kinachobeba Dawa Ndani ya Mfupa

Mtu avunjikaye mfupa wa paja katika njia za Tarbaj, kaunti ya Wajir, huenda akatiwa chuma mguuni. Nacho kisiposhikamana na mfupa, au kikiingiwa na vijidudu, hugeuka dhiki badala ya tiba.

Mwaka 1952 tabibu Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alibaini kwamba mfupa hushikamana na metali iitwayo titaniamu. Na wataalamu waliomfuata wakaivika metali hiyo tabaka lenye vitundu vidogo mno, ambamo mfupa huota na kujishika, huku dawa ya kuua vijidudu, mathalani gentamisini, ikitoka polepole papo hapo penye hatari.

Walakini tabaka hilo halibatilishi wajibu wa usafi: mfupa uliotokeza nje wataka hospitali upesi, kabla ya lolote.