Baada ya Malaria Kali, Uponaji wa Mtoto Hukamilikia Nyumbani

Bukene, wilayani Nzega mkoani Tabora, ni eneo la wakulima wa mpunga. Mvua zinapojaza majaruba, mbu huongezeka, na malaria nayo huwaandama watoto. Mtoto mdogo huweza kuamka na homa, na kabla jua halijazama akapatwa na degedege au kupoteza fahamu. Degedege si kazi ya majini wala ya ndege apitaye usiku. Katika malaria kali, vimelea huziba mishipa midogo ya damu ya ubongo. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya mara moja.

Huko hudungwa sindano ya atesunati: ya kwanza anapofika, ya pili baada ya saa 12 na ya tatu baada ya saa 24. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionesha kuwa vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliotibiwa kwa atesunati na asilimia 10.9 kwa waliotibiwa kwa kwinini.

Homa ikishuka na mtoto akaanza kucheza, familia nyingi huona kazi imekwisha. Sivyo. Sindano hupunguza vimelea upesi, lakini vinavyosalia huondolewa na dawa mseto ya kumeza kwa siku 3. Apewe dozi yote, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, ili dawa ifyonzwe vyema. Akiitapika, arudishwe kituoni.

Aidha, malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na kwa baadhi ya watoto uharibifu huo hujitokeza tena wiki 1 hadi 4 baada ya atesunati. Viganja vikipauka, mkojo ukiwa mweusi, au mtoto akichoka na kuhema haraka, arejeshwe bila kuchelewa, hata kama hana homa.

Mhudumu, yaeleze haya kabla ya kumruhusu mgonjwa, tena mbele ya baba au bibi, si mama peke yake. Nanyi wanafamilia, gawaneni kazi: mmoja ashike ratiba ya dawa, mwingine atunze kadi na nauli ya dharura. Mtoto anyonyeshwe au alishwe kidogo kidogo mara nyingi, uji wa karanga, maharage, dagaa na mlenda, na kila usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa.