Kompyuta: biro iliyojaa mafaili inaweza kumpotezea mwanafunzi TFC yake

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, sekretaria publiki zilizo karibu na vyuo vikuu vya Goma, Bukavu na Lubumbashi hujaa wanafunzi. Kila mmoja anafika na flashi mkononi, akitaka TFC yake ichapishwe kabla ya siku ya mwisho ya kuiweka chuoni. Wenye kufanya kazi hapo wanajua tatizo moja linalorudi kila mwaka. Flashi inaingizwa kwenye mashini, jina la kazi linaonekana, lakini faili inakataa kufunguka. Ukiangalia uzito wake, unakuta kilo-okteti 1 au 2 tu, wakati kazi ya kurasa 60 yenye picha na majedwali hufikia mamia au maelfu ya kilo-okteti.

Mwanafunzi huyo ameacha kazi yake nyumbani, na alichobeba ni njia ya mkato, ile ambayo Windows ya Kifaransa inaiita « Raccourci ». Ni alama ndogo yenye mshale kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto. Ndani yake hakuna maandishi ya TFC. Kuna anwani tu, inayoiambia mashini mahali faili yenyewe inapolala. Ukiibeba hadi kwenye mashini nyingine, anwani hiyo haina nyumba.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kutoka nyumbani, bonyeza faili kwa kitufe cha kuume cha kipanya, chagua « Propriétés », kisha usome aina na uzito wake. Ikiandikwa kwamba ni « Raccourci », bonyeza « Ouvrir l'emplacement du fichier ». Mashini itakupeleka mahali faili ya kweli iliko, na hapo ndipo unakopi. Kisha ifungue mara moja kutoka kwenye flashi yenyewe, ukiwa bado nyumbani.

Si kila mshale unatokana na kosa la mwenye faili. Kuna virusi vinavyozunguka kwa flashi, vinavyoficha mafaili yote na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtu akizibonyeza, anakianzisha kirusi tena na kukipitisha kwenye mashini nyingine. Wengi wakiona hivyo wanadhani kazi imefutika, wanaformati flashi, na hapo ndipo wanapoipoteza kweli. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Fundi anayeelewa anaweza kuyarudisha kwa amri moja ya « attrib », kisha akasafisha flashi kwa antivirusi.

Meza iliyogeuka ghala

Jina « Bureau », ambalo watu wetu wanalitamka biro, halikuja kwa bahati. Wazo la kuufanya uso wa kompyuta ufanane na meza ya kazini lilianza kwenye maabara ya Xerox, huko Palo Alto, Marekani, katika miaka ya 1970. Mashini yao iliyoitwa Alto ilitoka 1973. Mwaka 1981 Xerox ikauza nyingine, Star, iliyokuwa na picha ndogo za karatasi na mafolda juu ya uso wake. Apple ikalieneza wazo hilo kwa Macintosh mwaka 1984. Njia za mkato tunazozijua leo kwenye Windows zilikuja na Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, pamoja na kitufe cha « Démarrer » na kapu la takataka, « Corbeille ».

Meza ni mahali pa kuweka kazi ya leo, na ikiisha inapelekwa kabatini. Lakini kwenye kompyuta nyingi meza imegeuka ghala. Picha za ndoa, sivi, barua za kuomba kazi, nyimbo za kwaya na TFC yenye majina matano yanayofanana (TFC, TFC mpya, TFC final, TFC final 2, TFC ya mwisho kabisa) vyote vinakaa pamoja, na siku ya kuchapisha mtu anachukua ile isiyosahihishwa na profesa.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Biro si mahali pa pekee nje ya diski. Ni folda ya kawaida, na karibu kila mara iko kwenye diski C, pamoja na Windows yenyewe. Windows ikiharibika na fundi akaamua kuformati C, biro yote inaondoka nayo. Kwa hiyo, kabla ya kumwachia fundi mashini, mwambie wazi kwamba kuna mafaili kwenye biro, na mwombe ayakopi kwanza. Ikiwa diski imegawanywa na kuna D, kazi iliyowekwa huko itapona Windows ikipangwa upya. Lakini diski yenyewe ikifa au kompyuta ikiibwa, C na D zinapotea pamoja.

Kwa wakaaji wa Goma, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini akaamuru sehemu ya mji ihamishwe. Katika saa kama hizo mtu anashika watoto, simu na godoro. Kompyuta ya mezani inabaki. Katika vita pia ni hivyo hivyo. Faili yenye kopi moja tu inabaki na nyumba.

Kopi tatu, mahali tofauti

Mafundi wengi wa kompyuta duniani wanafuata kanuni moja: kopi tatu za kazi, kwenye vyombo viwili vya aina tofauti, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyumba. Kwa mwanafunzi wetu haihitaji pesa nyingi. Ya kwanza inakaa kwenye mashini, ya pili kwenye flashi, na ya tatu anajitumia mwenyewe kwa barua pepe. TFC ya maandishi haili mega nyingi, na akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya giga 15.

Watumiaji wa Windows 11 waangalie jambo moja. Mara nyingi mashini inapeleka biro kwenye OneDrive, ghala la Microsoft la kwenye intaneti. Ni msaada, lakini nafasi ya bure ni giga 5 tu. Mwenye kuweka filamu kwenye biro anaweza kuona mega alizonunua zikiisha bila kuelewa sababu.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ya mezani isiyo na betri inazimika papo hapo. Word kwa kawaida inajihifadhia kopi ya dharura kila dakika 10, na kwa mtu anayeandika haraka, dakika 10 ni ukurasa mzima. Kubonyeza Ctrl na S kila baada ya aya moja kunachukua sekunde moja.

Picha ya nyuma

Picha ya nyuma, « fond d'écran », ndiyo kitu cha kwanza ambacho watu hubadilisha wakinunua kompyuta. Wanaweka watoto wao, Mazembe, Léopards, au ziwa Kivu. Ile picha ya kilima cha kijani kibichi ya Windows XP ilipigwa na Charles O'Rear mwaka 1996 huko California. Ni picha ya mahali pa kweli, ingawa wengi walidhani imechorwa.

Wengine wanaweka picha nyeusi wakidhani wanatunza betri. Kwenye kompyuta nyingi za kubebwa, zenye skrini ya LCD, taa ya nyuma inawaka vilevile hata picha ikiwa nyeusi. Kupunguza mwanga wa skrini ndiko kunakosaidia. Picha nyeusi inatunza betri kwenye skrini za OLED, zilizo kwenye simu nyingi za bei.

Kitambulisho kwenye biro ya wote

Kuna mafaili mengine yanayobaki kwenye biro, nayo si ya mwenye mashini. Kadi ya mchaguzi ndiyo kitambulisho cha Wakongomani wengi, na kwa kuwa maandishi ya kadi nyingi za 2023 yalifutika haraka, watu walikimbilia kuzipiga skani. Skani hizo, pamoja na sivi zenye namba za simu na diploma, mara nyingi zinaachwa kwenye kompyuta ambayo kila mteja anaitumia. Mwenye nia mbaya anaweza kuchukua jina, picha na saini, akavitumia kwa udanganyifu.

Kabla ya kulipa na kuondoka, mteja ana haki ya kuomba faili yake ifutwe mbele ya macho yake. Kufuta kwa kawaida kunaipeleka tu kwenye « Corbeille », ambako yeyote anaweza kuirudisha. Kubonyeza Shift na Suppr kwa pamoja kunaifuta bila kupitia huko. Angalia pia folda ya « Téléchargements », kwa maana faili iliyofunguliwa kutoka barua pepe au WhatsApp inaacha kopi humo. Na kama uliunganisha WhatsApp yako kwenye mashini hiyo, fungua simu, ingia kwenye vyombo vilivyounganishwa, na uikate kabla ya kutoka mlangoni.