Laini mpya haikufichi: Stori ya mizani na grupu ya kijiji Manga

Wewe unayejaza inboksi yangu kila wiki ukiuliza "apu gani ni salama", kaa chini kidogo nikupe stori ya kwetu Manga.

Kuna jamaa yangu pale chini ya ule ukingo wa mlima aliyechoshwa na mizani ya kituo cha kununulia majani chai. Mamake anapima majani nyumbani, akifika kituoni kilo zimepungua. Basi jamaa akanunua laini mpya, akaingia grupu ya WhatsApp ya kijiji kwa kutumia linki. Hakuweka picha wala jina. Akatupa picha mbili, ya mizani ya nyumbani na ya risiti ya kituoni, kisha akaketi kungoja moto uwake.

Moto uliwaka, lakini kwake. Kabla saa moja kuisha, mtu alikuwa ameinakili ile namba na kuiweka kwenye M-Pesa kana kwamba anataka kutuma shilingi kumi. Jina likajitokeza. Halikuwa lake, lilikuwa la mamake, maana jamaa hana kitambulisho bado na laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mama, M-Pesa ikiwemo ili apate kununua bando. Anayebisha angeangalia ile picha ya mizani: nyuma yake kuna migomba, na nyuma ya migomba ukingo wa Manga. Mtu wa kwetu akiona hivyo anajua ni boma gani.

Jioni wazee wawili wakabisha hodi. Hawakumuulizia kijana, walimuulizia mama. Kwa wiki tatu mama yule alipeleka majani yake kwa namba ya jirani.

Sasa niambie, WhatsApp ilikosea wapi? Haikukosea. Tangu 2016 ujumbe wake hufumbwa kutoka simu yako hadi ya mwenzako, na kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Lakini kuficha maneno ni kitu kimoja, na kumficha aliyeyasema ni kingine kabisa. Hapa Kenya laini husajiliwa kwa kitambulisho, kwa hivyo namba yako ni jina lako lililoandikwa kwa tarakimu. Ukiingia grupu ya watu 300, umeingia na kitambulisho kifuani.

Ndiyo maana mimi naanzia Signal. Si kwa sababu ya sifa. Mwaka 2016 mahakama moja Marekani iliitaka itoe habari za mtumiaji, na kilichopatikana ni viwili tu: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipotumika mwisho. Hawakuwa na kingine cha kutoa. Kisha Februari 2024 ikaleta majina ya watumiaji, kwa hivyo unaweza kuzungumza na mtu asiione namba yako. Lakini kujisajili bado kunahitaji namba, na lazima uingie kwenye mipangilio ya faragha uchague kwamba hakuna mtu anayeweza kukupata kwa namba. Wengi hawafanyi hivyo, halafu wanashangaa.

Telegram? Najua mnaipenda, mimi pia nadownload muvi huko. Ila grupu zake hazifumbwi kama za WhatsApp. Ni zile gumzo za siri za watu wawili tu, na lazima uziwashe mwenyewe. Baada ya mwanzilishi wake Pavel Durov kukamatwa Ufaransa Agosti 2024, ilitangaza kwamba itatoa namba na anwani za IP za wanaosakwa kwa amri halali. Na Novemba mwaka huo huo, wakati wa KCSE, ilizimwa hapa kwetu. Apu inayoweza kuzimwa siku unayoihitaji si ya kutegemea peke yake.

Kama una ushahidi kama wa jamaa yangu, barua pepe ingekufaa kuliko grupu, ukimwandikia mwanahabari moja kwa moja. Proton ya Uswisi inakuruhusu kufungua akaunti bila kutaja jina. Usidanganyike lakini: mwaka 2021 iliamriwa na wakuu wa Uswisi kunakili anwani ya IP ya mwanaharakati mmoja Ufaransa, na ikatii. Miaka mitatu baadaye ilitoa barua pepe ya akiba ambayo mtumiaji mwingine alikuwa ameweka, na hiyo ndiyo iliyomfichua. Kwa hivyo ifungue kupitia kivinjari cha Tor, na pale inapoomba barua pepe ya akiba, usiweke ile Gmail yako ya tangu shuleni. Picha nazo, kata migomba.

Usinielewe vibaya, sikufundishi kutukana watu gizani. Sheria ya 2018 ya uhalifu wa mitandaoni iliweka faini ya hadi Sh5 milioni au kifungo cha hadi miaka 10 kwa kuchapisha uongo. Lakini pia sisi tumeona mengine. Juni 2025 Albert Ojwang', mwalimu na mwanablogu, alichukuliwa kwao Homa Bay, kaunti jirani na Kisii, kwa sababu ya chapisho kwenye X. Siku iliyofuata alikuwa amefia mikononi mwa polisi Nairobi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, si injinia wala wakili, ila siku hiyo nilikaa usiku kucha nikipitia mipangilio ya simu yangu.

Jamaa bado anapima majani nyumbani kabla mamake hajaondoka, na anaandika kilo kwenye daftari la shule. Simu anaiacha ndani. Ile laini mamake aliichukua, ndiyo anayopokelea pesa za majani.