JINA LAKO LIKIISHA ANDIKWA, HUENDA WAPI?

Ninyi ndugu zetu mliokwisha maliza masomo mkaenda kufanya kazi Mansa, Ndola na Lusaka, naomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo sisi tunaokaa kando ya ziwa Mweru twaliona mara kwa mara bila kulitazama. Jambo lenyewe ni majina yetu, pamoja na yale yaandikwayo ubavuni mwa majina: umri, kijiji, nambari ya simu, ugonjwa, hesabu ya watoto. Mashirika ya msaada huyaandika kila siku, nasi huyataja upesi ili zamu yetu ipite.

Pale bandarini Kashikishi kila mnunuzi wa chisense ana daftari yake. Ndani yake mna majina ya wavuvi waliokopeshwa nyavu au fedha. Daftari hiyo hailali mezani. Jioni hufungwa, ikaenda nyumbani na mwenyewe, maana anayeisoma amewasoma watu: nani ana deni, nani hakupata kitu msimu huu, nani mkewe alikuja kukopa kwa siri. Hakuna aliyemfundisha mnunuzi wa samaki kanuni hiyo. Haya nitakayoyaeleza, ijapokuwa yana kompyuta na miji ya Ulaya ndani yake, hayako mbali sana na daftari ile.

Tangu mwisho wa Agosti 2017 watu wengi wa Haut-Katanga na Tanganyika, katika Kongo, walivuka mpaka wakaingia upande huu wa Zambia wakikimbia vita. Nami nilikuwamo, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nimeshika nguo ya bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi wa Katanga twamwita nkambo. Tulipokewa kwanza Kenani, na kuanzia Januari 2018 watu wakahamishiwa makazi ya Mantapala, katika wilaya yetu hii ya Nchelenge, ambako baadaye wakaaji walipita 10,000. Tuliandikishwa jina, jina la baba, jina la mama, kijiji na umri. Kisha vidole vyote kumi vikawekwa juu ya kioo, na chombo kikatazama mboni za macho. Huo ndio utaratibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi katika nchi nyingi, na hata mtoto wa miaka mitano hutoa vidole vyake.

Zamu ya nkambo ilipofika alimwuliza karani, "Baba, hilo jina langu litalala wapi?"

Karani alikuwa kijana mpole. Akamjibu, "Mama, litalala Geneva."

"Geneva ni kijiji cha nani?"

Watu waliokuwa nyuma yetu walicheka, nami nikaona haya. Leo nadhani wao ndio waliokosa. Huko tulikotoka jina la mtu hutaja kabila lake, na katika miaka ile ya vita vya Waluba na Wabatwa katika Tanganyika, kabila la mtu liliweza kumwua. Orodha ya majina ikiwa mikononi mwa mgawaji wa unga ni kitu chema, lakini ikiwa mikononi mwa mwenye panga ni kitu kingine kabisa, ingawa karatasi ni ile ile.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba nashauri watu wakatae kuandikwa. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapikiwi. Aliyeandikwa mara mbili hula sehemu ya mwenzake. Tena mtoto aliyepotea hatafutiki kama hakuna aliyeandika jina la mama yake.

Kazi hiyo ya kutafuta watu waliopotezana inafanywa na Msalaba Mwekundu, nami nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu nimeiona kwa macho yangu. Mjomba wangu tulipotezana naye usiku wa kukimbia. Nkambo alipokwisha tulia Mantapala alikwenda kwa wajumbe wa Msalaba Mwekundu, wakamwuliza maswali mengi: majina yote ya mjomba, hata la utani, majina ya wazazi wake, alionekana wapi mara ya mwisho, ana kovu gani. Msomaji afikiri kidogo hapa. Katika fomu ile mna habari za watu wawili. Nkambo yupo, amekubali kwa kinywa chake. Mjomba hayupo, hakuulizwa, wala hajui kwamba kovu lake limeandikwa. Basi shirika hutunzaje habari za mtu ambaye hakuweza kukubali wala kukataa?

Kanuni yao ni hii: mtu akionekana, haambiwi kwanza yule anayemtafuta. Huulizwa kwanza aliyeonekana: fulani anakutafuta, je, wataka ajue ulipo? Akisema ndiyo, anwani hupelekwa. Akisema hapana, haipelekwi, hata kama anayeuliza ni mama yake mzazi. Niliposikia kanuni hiyo mara ya kwanza niliiona ngumu mno.

Kazi yenyewe ni ya siku nyingi. Mnamo Agosti 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua ofisi Geneva ya kutafuta habari za wafungwa wa vita, na makarani wakajaza kadi kwa mkono, mamilioni ya kadi, moja moja, katika masanduku. Mwizi wa siku zile angehitaji magari mengi kuziiba. Leo zote zaweza kuingia katika kitu kidogo kuliko kiberiti.

Tena siku hizi kuna tovuti. Tangu 2013 Msalaba Mwekundu una tovuti iitwayo Trace the Face, kwa ajili ya watu waliopotezana na ndugu zao katika safari za kuhamia Ulaya. Ukiifungua waona nyuso za watu. Chini ya uso waambiwa tu kwamba huyu amtafuta kaka yake, au mke wake. Jina halimo, wala mji anaokaa haumo. Ndugu yake akiuona uso huo atamjua bila jina. Adui, au tapeli, ataona uso tu. Mimi nausifu sana utaratibu huo, kwa kuwa aliyeutunga alijiuliza ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kazi, akaweka hicho, vingine akaviacha.

Si tovuti zote zilizo hivyo. Ninyi ndugu mnaopeleka sadaka kwa simu zenu, jueni kwamba mkiifungua tovuti ya shirika lolote, hata kabla hamjaandika herufi moja, kompyuta inayowapokea yaweza kuandika saa mliyoingia, nambari ya mtandao mliotokea, aina ya simu na kurasa mlizosoma. Huenda pia ikaacha ndani ya simu vifaili vidogo viitwavyo vidakuzi, ili mkirudi kesho iwatambue. Vingine vyahitajika, tovuti isije ikasahau ulichojaza ukurasa uliopita. Vingine ni vya kampuni za watu wengine wanaohesabu wageni na kuwafuata wanakokwenda ili wawaonyeshe matangazo. Ndipo huulizwa, "Unakubali?", nasi twabonyeza ndiyo ili swali litoke machoni. Ukitoa fedha, waongeza jina na anwani, na nambari ya kadi au ya simu ya malipo, ambayo kwa kawaida huenda kwa kampuni nyingine inayopokea malipo. Mtu aweza kusema, mimi nimesoma tu, sikutoa habari yoyote. Lakini tovuti ya shirika la msaada si duka la viatu. Mama aliyesoma ukurasa wa wanawake wanaopigwa nyumbani, au kijana aliyesoma ukurasa wa dawa za UKIMWI, kule kusoma kwake ni habari.

Sasa nifike kwenye jambo lililotokea 2022. Tarehe 18 Januari mwaka ule Kamati ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wadukuzi wameingia katika kompyuta zake zenye habari za watu waliopotezana na jamaa zao. Walikuwamo tangu tarehe 9 Novemba 2021, yaani siku 70, wakizunguka kama panya ndani ya ghala. Habari zilizofikiwa ni za watu zaidi ya 515,000, zilizoletwa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 vya dunia nzima: waliopotea na wanaowatafuta, wafungwa, watoto wasio na wazazi. Mlango waliouingia ulikuwa kasoro katika programu moja. Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa imekwisha tolewa na wenye programu, lakini hapo haikuwa imewekwa kwa wakati.

Ilitangazwa kesho yake. Mkuu wa shirika, Robert Mardini, aliwasihi wadukuzi hadharani wasiziuze wala kuzitangaza habari zile. Kompyuta zilizimwa, na kazi ambayo kwa wastani iliunganisha watu 12 na jamaa zao kila siku ikabidi ifanywe kwa njia duni kwa muda. Kisha wenye habari wakaanza kuarifiwa: kwa simu, kwa barua, na mahali pa mbali wajumbe walikwenda wenyewe kuwaambia watu uso kwa uso. Hebu fikiri kazi ya mjumbe yule: kumwendea mama aliyepoteza mtoto, na kumwambia kwamba sasa hata jina la mtoto liko mikononi mwa wasiojulikana.

Si wizi peke yake unaoleta hasara. Yaweza kutokea kwamba habari haikuibwa, wala haikukosewa, lakini imetumwa kazi nyingine isiyokuwa yake. Huko kaskazini mashariki mwa Kenya, miaka ya ukame na njaa, wananchi wa Kenya wenye asili ya Kisomali waliingia kambi za Dadaab wakajiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wengi walikuwa watoto, waliandikwa na wazazi. Walipotimiza miaka kumi na minane wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa, vidole vyao vikasema: huyu ni mkimbizi. Maelfu walikaa miaka mingi bila kitambulisho katika nchi yao wenyewe, hawana kazi ya kuandikwa, hawana akaunti benki. Vidole vilivyotolewa kwa ajili ya unga vilirudi baada ya miaka kumi kufunga mlango.

Hata hapa kwetu si lazima pawe na kompyuta. Mwaka mmoja shirika fulani, ambalo sitalitaja, liligawa fedha kidogo kwa wajane. Ili kila mtu ajue siku yake, orodha ilibandikwa mlangoni: jina, nambari ya simu, na neno "mjane". Haikupita wiki, akina mama wale wakaanza kupigiwa simu na watu wenye sauti za adabu, wakisema wao ni watu wa shirika, na kwamba fedha zitaongezwa kama mama atataja nambari ya siri ya simu yake. Jirani yetu alitaja. Alipoteza ile ya msaada na ile aliyouzia samaki. Alipokwenda kulalamika aliambiwa kwamba shirika halikumwibia, na kweli halikumwibia.

Sheria ipo. Zambia ina Sheria ya Kulinda Habari za Watu, nambari 3 ya 2021. Kenya na Uganda walitunga zao 2019, Tanzania 2022. Kwa sheria yetu hii, atunzaye habari za watu lazima awe na sababu halali, azitumie kwa sababu hiyo, na azilinde. Zikivuja, ampashe Kamishna habari katika saa 24. Nawe una haki ya kuuliza wana nini juu yako, kutaka makosa yasahihishwe, na mara nyingine kutaka yafutwe. Msalaba Mwekundu wa Geneva una kanuni zake wenyewe, zilizoandikwa 2015. Kwa hiyo mtu akija na fomu yake kijijini, si utovu wa adabu kumwuliza kwa upole: hii ni ya kazi gani, nani mwingine ataiona, itakaa muda gani, na nikikataa swali hili moja, nitanyimwa? Nimejaribu mara mbili. Wa kwanza alikasirika. Wa pili alikaa chini akanieleza yote, na mwishoni akakiri kwamba swali la dini halikuwa na kazi yoyote, akalikata kwa kalamu.

Mwaka jana mjumbe wa Msalaba Mwekundu alikuja kwetu, akaketi kwenye kigoda, akamwambia nkambo kwamba mwanawe yu hai. Nkambo alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Kisha akauliza yuko wapi.

"Mama, amesema tusikuambie bado."

Nkambo alinyamaza muda mrefu. Akauliza kama ni mgonjwa, mjumbe akasema hakuruhusiwa kusema. Akauliza kama ana mke, ikawa vile vile. Mara akakasirika, akamwambia yule kijana kwamba yeye ndiye aliyemzaa, si Geneva. Mjumbe hakubishana naye. Alifungua mkoba akatoa karatasi ya Msalaba Mwekundu, ile ambayo huandikwa habari za nyumbani tu, nayo husomwa kabla ya kupelekwa, akasema kama mama anataka kumwandikia mwanawe, itafika.

Nkambo hajui kuandika, kwa hiyo aliniita mimi. Tuliandika kwamba dada yake amejifungua mtoto wa kiume, kwamba mihogo imestawi, kwamba mimi niko shule. Nilipotaka kuandika jina la shule alinishika mkono.

"Hilo acha," akasema. "Atauliza mwenyewe."